Mche wa Siagi

Kila Jumapili alasiri nyumba ya akina Lindner ilinukia kuku wa kuoka. Mjini Sheboygan, katika jimbo la Wisconsin, theluji ikiwa imepanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha, majirani walikaa mbele ya televisheni wakitazama mpira na kula soseji. Gordy Lindner na binti yake Tilda wao walikuwa jikoni, wanapika chakula cha juma zima. Vikasha vya plastiki vilipangwa mezani, vifuniko kando, na katikati yake iliketi mizani ndogo ya jikoni kama mgeni wa heshima.

"Wali," Gordy aliita, macho kwenye simu.

"Gramu mia na hamsini." Tilda akapunguza nusu kijiko. "Mia na hamsini kamili."

"Kuku."

"Mia na themanini. Baba, hiki kipande kina ngozi."

"Itoe. Mafuta yangu nayatunza mpaka Ijumaa."

Tilda akacheka, maana alijua Ijumaa kuna nini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hesabu za sahani ya baba yake alizijua kuliko masomo yake. Chakula chochote, baba yake alimweleza, kina mambo matatu makubwa ndani yake: protini ya kujenga mwili, wanga wa kuupa nguvu, na mafuta. Gordy alikuwa na fungu lake la siku la kila moja. Alichotia kinywani alikipima kwanza, akakiandika kwenye simu, na mafungu yakiisha, basi, mdomo unafungwa. Hapakuwa na chakula cha mwiko. Ukitaka keki, kula keki, mradi uipime, uiandike na uitafutie nafasi. Ndiyo maana tangu Jumatatu Gordy alijibana na mafuta. Ijumaa jioni yeye, Tilda na shangazi Lorna walikwenda mkahawa wa Helga kula samaki wa kukaanga, kwa kachumbari ya kabichi na mkate mweusi, kama walivyofanya kila Ijumaa ambayo Tilda aliikumbuka.

"Na mimi nipimiwe?" Tilda aliwahi kuuliza.

"Wewe unakua," baba yake alimjibu. "Mtoto anayekua hapimiwi, anapakuliwa. Kula ushibe ukacheze."

Wala Gordy hakupima kwa ajili ya urembo. Shangazi Lorna, dada yake mkubwa, figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa juma alikwenda hospitali akafungwa kwenye mashine ya kumsafishia damu, na alirudi midomo imempauka, hawezi hata kuvua viatu. Figo moja ya Gordy ilikuwa inamfaa. Vipimo vyote vilikubali. Lakini madaktari walisema hawamgusi mpaka uzito wake ushuke chini ya ratili mia mbili na ishirini, kwa sababu mtu mzito kupita kiasi kumpasua ni hatari, na figo itakayobaki itabeba mzigo wa mbili.

Kwa Tilda, Lorna hakuwa shangazi wa Krismasi na kadi za siku ya kuzaliwa. Mama yake Tilda alihamia Arizona Tilda akiwa darasa la kwanza, na Lorna akaja na masanduku yake mawili, akasema, "Nimekuja kwa wiki moja." Ile wiki haijaisha mpaka leo. Ni yeye aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kuteleza kwenye barafu, aliyekesha naye alipougua surua. Alikuwa mama wa kila siku.

Mwezi Januari uzito wa Gordy ulishuka vizuri. Kiwandani alikofanya kazi, kiwanda cha jibini, aliwatambia wenzake. "Mimi nina mhasibu wa jikoni," alisema. "Anaitwa Tilda, na hanihurumii hata punje." Tilda aliposikia hivyo alitembea kifua mbele siku nzima.

Basi, sifa nazo hazikudumu. Tilda alikuwa akifuga sungura aliyeitwa Otto, ambaye alitaka kumpeleka kwenye maonyesho ya wilaya wakati wa kiangazi. Chama cha watoto wafugaji kilitaka kujua uzito wa kila sungura. Mizani ya bafuni haikumtambua Otto. Ilimwona kama hewa. Tilda akamwomba baba yake ile ya jikoni.

"Mizani ya jikoni ni ya chakula," Gordy alisema. "Otto ni chakula?"

"Siyo chakula."

"Basi tumeelewana. Jumamosi nitamwazimia mizani kwa jirani."

Lakini Jumamosi ilikuwa mbali na Tilda alikuwa na haraka zake. Siku moja baada ya shule, baba yuko kazini na shangazi yuko hospitali, aliichukua mizani, akapanda nayo chumbani, akaiweka juu ya kabati fupi la nguo. Otto alipokalishwa juu yake alipiga teke moja tu. Mizani ikaruka, ikaanguka sakafuni kwa pembe. Otto mwenyewe akakimbilia chini ya kitanda, mzima wa afya, hana habari.

Tilda aliiokota mizani. Akaiwasha. Ikawaka. Ikaonyesha sifuri. Akashusha pumzi. Hata hivyo moyo haukumtulia, kwa hiyo alishuka jikoni akatoa mche wa siagi kwenye friji. Karatasi yake iliandikwa gramu mia na kumi na tatu, na siagi ya dukani haidanganyi. Akauweka juu ya mizani.

Tisini.

Aliuondoa, akaifuta mizani kwa kitambaa, akaurudisha. Tisini. Akatoa mche mwingine. Tisini tena.

Tilda hakuhitaji kuelezwa maana yake. Tangu sasa baba yake akitaka gramu tisini, atakula mia na kumi na tatu. Chakula kitazidi, namba zitasema kimetosha, na uzito hautashuka. Na uzito usiposhuka, figo haitolewi.

"Nitamwambia akirudi," alijisemea.

Gordy alirudi jioni ile akiimba. Alikuwa amepita kwa nesi wa kiwanda, na alikuwa ameshuka ratili mbili zaidi. Alimbeba Tilda juujuu kama mtoto wa miaka mitano. "Bila wewe nisingefika hapa," alisema. "Najua kama namba ni zako, ni za kweli."

Tilda akameza mate, na maneno yakashuka nayo. Kesho, alijiambia. Lakini kesho nayo ilizaa kesho nyingine.

Jumapili ilipofika walisimama mezani kama kawaida.

"Wali."

"Mia na hamsini," Tilda alisema.

"Kamili?"

"Kamili."

Aliogopa kumtazama. Kila namba aliyoitaja alasiri ile ilikuwa uongo, na aliitaja kwa sauti safi.

Wiki zikapita, na uzito wa Gordy ukaganda. Mwanzoni alicheka. "Mwili unapumzika," alisema. Kisha akaacha kucheka. Akapunguza wali. Akapunguza shayiri ya asubuhi. Kila Jumatatu alipanda mizani ya bafuni na kushuka, na Tilda, aliyekuwa akimsikiliza kutoka kitandani, alijua jibu kwa jinsi mlango ulivyofungwa.

Siku moja Gordy alisimama kabatini ameshika kopo la siagi ya karanga. "Hili kopo mbona linaisha upesi hivi?" aliuliza. "Kwa hesabu zangu lilikuwa lifike mwisho wa mwezi. Nani analila?"

Tilda alijua kwa nini kopo linaisha upesi. Ilikuwa nafasi ya kusema, imeletwa mpaka mlangoni.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Huwa nalila nikitoka shule."

Gordy alimpapasa kichwa. "Sasa uso wa nini? Ni chakula, mwanangu, siyo dhahabu. Kula tu. Ila uniambie, nisije nikawa nawalaumu panya."

Tilda akapanda chumbani akajifungia. Alikuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda ili afiche alilolitenda, na baba yake amemsamehe papo hapo. Msamaha ule ulimuuma kuliko kofi.

Shuleni nako hakupata raha. Rafiki yake Annika, msichana asiyejua kuficha lililo moyoni, alimtazama wakati wa chakula cha mchana.

"Unatafuna hiyo pizza kana kwamba umeiiba."

"Annika, nikuulize. Ukivunja kitu, na hakuna aliyekuona, halafu hujasema..."

"Kimevunjika," Annika alisema. "Kwani kinavunjwa na macho ya watu?"

"Na ukikaa kimya mwezi mzima?"

"Basi umevunja viwili. Umevunja nini?"

"Si mimi. Nauliza tu."

"Haya, mwambie huyo anayeuliza tu kwamba amekuwa na sura ya ndimu tangu Februari. Na mwambie pia mimi sili naye meza moja mpaka akaseme."

Kwaresima ikaingia, watu wakaacha nyama siku za Ijumaa, na mji mzima ulikuwa kwa Helga kula samaki, foleni hadi nje kwenye barafu. Gordy alivua koti lake akalitundika tena.

"Ijumaa hii hatuendi," alisema. "Nimetafuta nafasi ya samaki kwenye hesabu zangu, sijaiona. Nyinyi nendeni."

"Bila wewe?" shangazi Lorna aliuliza.

"Nitakula kuku wangu hapa."

Hakuna aliyekwenda. Walikaa watatu mezani, Gordy na kikasha chake, wengine na supu ya kopo, na theluji inaanguka nje. Shangazi Lorna alimtazama ndugu yake kwa muda mrefu, kisha akainamisha uso. Tilda aliona mtazamo ule, ila hakuuelewa. Aliuelewa wiki iliyofuata.

Siku hiyo shule ilifungwa kwa sababu ya dhoruba ya usiku, kwa hiyo Tilda alikwenda nao hospitali. Bi. Vang, mtaalamu wa lishe, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alipitia simu ya Gordy, siku baada ya siku.

"Bwana Lindner," alisema, "kwa chakula hiki ulichoandika, ilikuwa uwe umeshafika. Nakuuliza siyo kwa ubaya. Unaandika kila kitu?"

"Kila kitu."

"Kijiko cha hapa na pale? Jibini ya kuonja kiwandani?"

"Bi. Vang, naandika mpaka maziwa ya kahawa."

"Watu wengi husahau. Hakuna aibu. Shida ni kwamba madaktari wa upandikizaji wanaangalia namba hizi. Wakiona haziendi pamoja na uzito, wanajiuliza kama mtoaji yuko tayari kweli. Wamesema kama mwezi ujao hakuna mabadiliko, wataiweka mipango ya upandikizaji pembeni kwanza."

Masikio yalimwiva Gordy. Mtu mzima, mtu ambaye hakuwahi kuchukua hata kipande cha jibini bila kuandika, ameketi pale anaulizwa kama mwizi wa sukari, na anayejua ukweli ameketi kiti cha pembeni, miguu haitulii.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani walipita daraja. Ndipo shangazi Lorna aliposema, taratibu, akitazama mbele:

"Gordy. Kama moyo wako hautaki, niambie."

"Moyo wangu hautaki nini?"

"Kutoa figo. Ni mwili wako. Una mtoto. Mtu anaweza kuogopa, na kula kwa siri ni njia rahisi kuliko kusema hapana. Sitakuchukia, mdogo wangu. Ila nisingoje kitu ambacho hakiji. Nimechoka kungoja."

Gordy aliegesha gari kando ya barabara. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Lorna," alisema, na sauti ikamkatika. "Mimi? Kwako?"

Alifuta macho kwa mgongo wa glavu, akawasha gari tena, wakaenda nyumbani.

Tilda, kiti cha nyuma, alitamani sakafu ya gari ifunguke. Alikuwa amejidanganya kwamba kosa lake ni la gramu. Kumbe limeingia katikati ya ndugu wawili likakaa hapo, na baba yake amebeba jina ambalo si lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo hakikuwa cha Otto wala cha mizani. Kilikuwa cha mwanamke aliyeketi mbele yake, shali shingoni, anapumua kwa shida.

Walipoingia ndani, Tilda hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akatoa mche wa siagi, akaiweka mizani mezani mbele ya baba na shangazi, akaiwasha.

"Unataka kupika nini sasa hivi?" Gordy aliuliza kwa uchovu.

"Soma karatasi, Baba."

"Tilda, siyo leo."

"Naomba usome."

Gordy akasoma. "Gramu mia na kumi na tatu."

Tilda akauweka mche juu ya mizani. Gordy akatazama. Akainama akatazama tena. Akauondoa, akaurudisha. Namba ilikuwa ileile, tisini.

"Niliiangusha," Tilda alisema. Sauti ilimtoka nyembamba lakini ilitoka. "Mwezi wa pili. Nilimpima Otto, na ulinikataza. Nilijua siku ileile kwamba imeharibika. Nilijua, nikakaa kimya. Na siagi ya karanga sikuila mimi, uliila wewe bila kujua. Baba hajala kitu kwa siri, Shangazi. Ni mimi."

Friji tu ndiyo iliyonguruma.

Gordy hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Dada yangu amenitazama leo kama mtu mwongo," alisema polepole. "Na wewe ulikuwa umekaa nyuma unasikia."

"Ndiyo, Baba."

"Na kila Jumapili uliniambia kamili."

"Ndiyo."

Alichukua koleo la theluji akatoka nje. Njia ilikuwa imeshasafishwa asubuhi, lakini aliichota upya mpaka saruji ikaonekana, na akaendelea hadi kwa jirani.

Tilda alisimama palepale analia. Shangazi Lorna alivuta kiti, akaketi, akampakata msichana mkubwa wa miaka kumi na miwili kama zamani.

"Umenikasirisha sana," alimwambia. "Nataka ujue hivyo, nisije nikajifanya. Kwenye mashine ile mwezi mmoja ni mrefu."

"Utakufa, Shangazi?"

"Siku moja, kama watu wote. Lakini leo ningekwenda kitandani nikiamini mdogo wangu hanitaki. Hilo umeniondolea. Sasa futa kamasi, nina jambo la kumwambia baba yako kabla hajamaliza theluji yote ya Wisconsin."

Akajifunga shali akatoka. Kupitia dirishani Tilda aliwaona wamesimama nje, mmoja ameshika koleo, mwingine ameshika mkono wa mwenye koleo.

"Nilikudhania vibaya," Lorna alisema waliporudi ndani, akiendeleza maneno yaliyoanzia nje.

"Hata mimi nilianza kujidhania," Gordy alijibu. "Nilikuwa nafikiri labda naamka usingizini nakula." Akaketi, akaivuta simu, akapiga hesabu kimyakimya. Uso wake ulilegea kidogo. "Robo. Nimekuwa nikila robo zaidi ya ninachoandika, na bado sikupanda. Basi mwili huu haujakataa. Ulikuwa unadanganywa tu." Akamgeukia Tilda. "Hasira yangu haijaisha. Itaisha, lakini siyo leo. Na Bi. Vang utampigia wewe mwenyewe. Jina langu umelichafua wewe, utalisafisha wewe."

Kesho yake Tilda alipiga simu. Alieleza yote, hakuruka hata Otto.

"Asante kwa kusema," Bi. Vang alisema. "Na mimi nina langu la kujifunza. Namba zilipokataa nilimshuku mtu, sikuishuku mizani. Mwambie baba yako nitawaandikia madaktari leo."

Mizani mpya ilinunuliwa, na ikawa sheria ya nyumba: kila Jumapili, kabla ya wali na kuku, mche wa siagi unapanda kwanza. Gordy aliuweka mwenyewe, akasoma mwenyewe. Tilda aliosha vikasha na kufunga vifuniko, lakini namba hakuziita tena. Hakuna aliyemkataza, hakuombwa tu. Jambo hilo lilimuuma kila juma, na hakulalamika, maana alijua limetoka wapi.

Uzito ukaanza kushuka. Barafu ya ziwani ikayeyuka, samaki wa Helga wakarudi kwenye hesabu za Ijumaa, na mwezi wa Juni Gordy akashuka chini ya namba ya madaktari kwa ratili moja zaidi. Wakaingia hospitali pamoja, kaka na dada, wakatoka kila mmoja na figo moja ya kazi na mshono wa kutambiana.

"Wangu mrefu," Gordy alisema.

"Wako mrefu kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa," Lorna alimjibu. Midomo yake ilikuwa na rangi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Alasiri moja ya Julai, Otto akiwa amerudi kutoka maonyesho na nafasi ya mwisho kabisa, Lorna na Tilda walikaa kwenye ngazi za mlangoni.

"Bado unajikunja," Lorna alimwambia.

"Bado nakumbuka."

"Kumbuka, lakini kumbuka vizuri. Kuangusha mizani lilikuwa kosa la mtoto, na mtoto huangusha vitu. Lingemalizika jioni ileile kwa karipio na mizani mpya. Kilichotaka kuniua si mizani, ni kimya. Kimya nacho kinakula, Tilda. Kila siku unakilisha, na kila siku kinanenepa, mpaka hukiwezi tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uliona, siyo wewe uliyekuwa unaujenga, ni baba yako, kwa mgongo wake. Ukikosea tena, na utakosea, sema kosa likiwa bado dogo."

"Nitasema."

"Najua. Uliyaweka yote mezani siku ile bila kuulizwa, na hukubakiza. Watu wazima wengi hawaliwezi hilo."

Jumapili ikafika. Gordy alikuwa bado hajaruhusiwa kusimama muda mrefu, kwa hiyo aliketi kwenye kiti jikoni, simu mkononi, mto tumboni. Tilda alipanga vikasha, akaitoa mizani, akafungua friji, akachukua mche wa siagi.

"Wa nini huo leo?" baba yake aliuliza.

"Wa kuhakikisha mizani. Uje usome."

"Iko nzima?"

"Niliipima asubuhi. Iko nzima, Baba."

Gordy alimtazama binti yake, kisha akainamia simu yake.

"Basi rudisha siagi kabla haijayeyuka," alisema. "Wali."

Tilda alirudisha siagi. Alichota wali, akasubiri namba itulie, na kwanza hakuiona vizuri kwa machozi, kwa hiyo akayafuta akasubiri tena.

"Mia na arobaini na tisa," alisema.